Wi-Fi Inakatakata kwenye Laptopu: Jua Kwanza Inakatikia Wapi

Wi-Fi ya laptopu ikianza kusumbua, wengi wetu hapa Dar es Salaam tunakimbilia mambo yaleyale. Tunanunua bando jingine, tunahamia mtandao mwingine wa simu, au tunaipeleka laptopu kwa fundi na fundi anapiga Windows upya. Yote yana gharama, na kila moja linatibu ugonjwa tofauti. Ukinunua bando wakati rauta imefichwa nyuma ya televisheni, hela imekwenda na Wi-Fi inaendelea kukata. Ukipiga Windows wakati mnara wa mtaani kwenu umeelemewa, umejipotezea siku nzima ya kazi, na pengine mafaili pia, na tatizo liko palepale.

Nusu saa ya kupima inatosha kujua kosa liko upande gani. Menyu nitakazotaja ni za Windows 10 na 11, kwa kuwa ndizo zilizomo kwenye laptopu nyingi huku mtaani. Mwenye Mac nitamgusia panapohusu.

Hatua ya 1: Gawa safari vipande vitatu

Intaneti inayofika kwenye laptopu yako inapita vipande vitatu. Cha kwanza kiko hewani, kati ya laptopu na rauta, au MiFi, au simu uliyoiwasha hotispoti. Cha pili kinatoka kwenye rauta hadi kwa kampuni inayokuuzia intaneti, iwe kwa mnara au kwa waya wa faiba. Cha tatu kinatoka hapo kwenda duniani. Zile alama za Wi-Fi kwenye kona ya skrini zinapima kipande cha kwanza peke yake. Ndiyo maana zinaweza kuwa zimejaa kabisa huku hakuna ukurasa unaofunguka.

Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi linalofunguka andika ipconfig. Shuka mpaka sehemu ya Wi-Fi, utafute mstari wa "Default Gateway". Namba iliyo mbele yake ndiyo anwani ya rauta yako. MiFi nyingi za Huawei hutumia 192.168.8.1, rauta nyingine nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na hotispoti ya iPhone ni 172.20.10.1. Sasa andika hivi, ukiweka namba uliyoiona wewe:

ping -t 192.168.8.1

Fungua dirisha jingine kama hilo na uandike:

ping -t 1.1.1.1

Kwenye Mac unafungua Terminal na kuandika ping bila ile -t. Yaweke madirisha mawili ubavu kwa ubavu, uyaache yaendelee, nawe fanya kazi zako kama kawaida. La kwanza linaigongea rauta kila sekunde, la pili linagonga seva iliyo nje kabisa ya nyumba yako. Mambo yakiwa sawa, dirisha la rauta litakuonyesha mistari inayoishia na "time=2ms" au "time=5ms", moja baada ya nyingine. Wi-Fi inapokata utaona namba zinaruka hadi 400, 900, kisha "Request timed out". Muda huohuo tazama dirisha la pili linasema nini, kwa sababu jibu liko kwenye kuyalinganisha.

Yote mawili yakikatika pamoja, kosa liko kati ya laptopu na rauta. Nenda hatua ya 2. La rauta likitulia na la nje likakatika, laptopu yako haina kosa wala Wi-Fi yako haina kosa; ruka mpaka hatua ya 5. Yote mawili yakitulia huku kurasa hazifunguki, nenda hatua ya 6. Kuyasimamisha, bonyeza Ctrl na C kwa pamoja. Yatakupa hesabu ya zilizopotea. Kwenye dirisha la rauta, ukiwa chumba kimoja nayo, zilizopotea zinatakiwa ziwe sifuri au karibu na sifuri.

Jaribio jingine la haraka ni kuchukua simu, kuiunganisha kwenye Wi-Fi ileile, ukae palepale ilipo laptopu. Simu ikiwa safi na laptopu inakata, usiguse rauta. Usisahau tu kuzima data ya simu kabla ya kupima, maana simu nyingi huhamia kwenye data kimyakimya Wi-Fi inapolegea, na utadhani Wi-Fi ni nzima.

Hatua ya 2: Pima mawimbi pale unapokaa

Andika kwenye cmd:

netsh wlan show interfaces

Windows 11 za karibuni zinaweza kukutaka uwashe kwanza huduma ya kuonyesha mahali ulipo. Iwashe, ukishapima unaweza kuizima. Angalia mistari miwili: "Signal" na "Channel". Signal ya asilimia 80 na kuendelea ni nzuri. Ikishuka chini ya 60, simu za video zitaanza kusuasua, na chini ya 40 kukatika ni jambo la kawaida. Mwenye Mac ashikilie kitufe cha Option huku akibofya alama ya Wi-Fi, asome RSSI: -50 ni nzuri sana, -67 inatosha kwa kazi zote, na ikifika -80 umeshatoka nje ya eneo.

Nyumba zetu zinaumiza Wi-Fi kuliko tunavyofikiri. Kuta ni za tofali za saruji, ghorofa zina slabu ya zege yenye nondo ndani, na rauta mara nyingi tunaiweka kwa kuangalia soketi iko wapi: chini sakafuni, ndani ya kabati la televisheni, au juu ya friji. Chuma kinarudisha mawimbi, zege linayanywa. Ipandishe rauta juu, usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama, mahali pa wazi, mbali na televisheni na friji. Kisha rudia ile amri. Nimeona Signal ikitoka 45 hadi 78 kwa kuitoa rauta nyuma ya televisheni na kuiweka juu ya rafu ukuta uleule.

Rauta ya laini ya simu ina ugumu wake, kwa sababu inasikiliza pande mbili. Kwa upande wa mnara inapenda dirishani, kwa upande wa laptopu inapenda katikati ya nyumba. Mimi naanza na mnara: naiweka dirishani upande wenye mtandao mzuri, kisha nahangaika na Wi-Fi ya ndani, kwa sababu Wi-Fi nina namna ya kuirekebisha na mnara sina. Kwenye ukurasa wa rauta yenyewe, ule unaoufungua kwa kuandika ile anwani ya gateway kwenye kivinjari, kuna kipimo cha nguvu ya mawimbi ya mnara kinaitwa RSRP. Kikiwa -90 au karibu zaidi na sifuri ni kizuri. Kikishuka chini ya -110 uko pembezoni mwa mnara. Zungusha rauta dirisha kwa dirisha ukikisoma.

Hatua ya 3: Toka kwenye msongamano wa majirani

Fungua orodha ya Wi-Fi ukiwa Sinza, Kijitonyama, au kwenye ghorofa za Kariakoo. Majina hayaishi. Kila rauta hapo inagombea hewa ileile.

Wi-Fi hutumia zaidi masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz. Ya 2.4 inapenya ukuta vizuri na inafika mbali, lakini ni nyembamba na imejaa: ndimo ilimo Bluetooth, ndimo zinamovuja maikrowevu, na chaneli zisizoingiliana humo ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11. Ya 5 GHz ina nafasi kubwa na kasi zaidi, ila inachoka haraka ikikutana na kuta.

Kwa mtu anayekaa chumba kimoja na rauta, au chumba cha pili, ushauri wangu ni hamia 5 GHz leo. Ingia kwenye ukurasa wa rauta, sehemu ya Wi-Fi, na uyape masafa haya mawili majina tofauti, kwa mfano "Nyumbani" na "Nyumbani 5". Yakiwa na jina moja, laptopu inajichagulia yenyewe, na nyingine hung'ang'ania 2.4 iliyojaa hata kama 5 iko safi kabisa mbele yake.

Ukilazimika kubaki 2.4, ondoa chaneli kwenye "Auto" na uweke 1, 6 au 11, ile ambayo majirani wachache wanaitumia. Amri ya netsh wlan show networks mode=bssid itakuorodheshea wote na chaneli zao. Upana wa chaneli uwe 20 MHz. Rauta nyingi zinakuja na 40, na mtaa ukiwa umebanana hiyo 40 inakuongezea ugomvi tu.

Kuna jambo linawapata sana walionunua laptopu zilizotumika, zile zinazoingia kutoka Marekani. Nyingi zimewekewa sheria za masafa za kule, hazisikilizi chaneli ya 12 na 13. Rauta yako ikiwa kwenye "Auto" ikajipeleka 13, Wi-Fi inatoweka kabisa kwenye orodha ya laptopu huku simu zote nyumbani zinaiona. Kesho rauta ikizimwa na kuwashwa, inarudi 6, na mtandao "unapona". Ukiona tabia hiyo, weka chaneli kwa mkono.

Tena, kama una diski ya nje au flashi ya USB 3 iliyochomekwa, ichomoe na upime upya. Vifaa vya USB 3 na waya zake hutoa kelele inayoangukia kwenye 2.4 GHz. Hamishia upande mwingine wa laptopu, au tumia 5 GHz.

Hatua ya 4: Laptopu yenyewe

Kama kosa liko kipande cha kwanza na rauta umeshaiweka sawa, rudi kwenye laptopu. Anza na hili: je, inakata zaidi ikiwa kwenye betri kuliko ikiwa kwenye chaji? Jibu likiwa ndiyo, Windows inaizimisha kadi ya Wi-Fi ili kuokoa umeme. Bofya kulia kitufe cha Start, chagua "Device Manager", fungua "Network adapters", bofya mara mbili kadi yako ya Wi-Fi, nenda "Power Management", toa tiki kwenye ruhusa ya kompyuta kukizima kifaa hicho. Baadhi ya laptopu mpya hazina ukurasa huo. Kwa hizo, fungua "Control Panel", nenda "Power Options", na kwenye mipangilio yake ya ndani tafuta "Wireless Adapter Settings" kama ipo, uweke "Maximum Performance".

Kisha draiva, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo. Kama tatizo limeanza mara baada ya Windows kujisasisha, palepale kwenye kadi nenda ukurasa wa "Driver" ubofye "Roll Back Driver". Kama halikuanza hivyo, chukua draiva kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, kwa modeli kamili iliyoandikwa chini yake. Usipakue zile programu zinazojitangaza kuwa zitatafuta draiva zote kwa niaba yako. Wi-Fi ikiwa imekufa kabisa, chomeka simu kwa waya wa USB, washa "USB tethering" kwenye simu, na laptopu itapata intaneti kupitia waya.

Waya huohuo ni kipimo kizuri pia. Ukitumia simu kwa USB na kila kitu kikatulia kwa saa kadhaa, Windows yako haina shida ya kupigwa upya. Kinachosumbua ni Wi-Fi peke yake.

Sasa niseme jambo ambalo mafundi wengi hawaliangalii. Binti wa jirani yangu alinunua laptopu iliyotumika, na Wi-Fi yake ilikuwa nzuri akikaa mita moja kutoka kwenye rauta, ila akisogea mlangoni inakata. Alikuwa ameshapigiwa Windows. Akaja nayo.

"Shikamoo anko. Fundi kasema kadi imekufa, ninunue nyingine."

"Marahaba mwanangu. Ilishawahi kubadilishwa kioo au kibodi?"

"Kibodi, kabla sijainunua."

Tulipofungua kifuniko cha chini, kadi ya Wi-Fi ilikuwa pale, ndogo kama stempu, na pembeni yake zikiwa zimelala nyaya mbili nyembamba, moja nyeusi na moja nyeupe, vichwa vyake vidogo vya rangi ya dhahabu vikiwa hewani. Hizo ndizo antena. Zinatoka kwenye kadi, zinapita kwenye bawaba, zinapanda hadi kwenye fremu ya kioo. Aliyebadilisha kibodi alizichomoa na hakuzirudisha. Kadi bila antena husikia kidogo tu kilicho karibu sana, ndiyo maana ilikuwa "nzima" kwa mita moja. Kuzirudisha ni kuweka kichwa sawasawa juu ya kitako chake na kukandamiza taratibu mpaka kilie. Ukilazimisha kikiwa kimekaa upande, kitako kinavunjika, na hapo kweli utanunua kadi.

Kwa hiyo laptopu yoyote iliyowahi kufunguliwa, Signal ikiwa chini ya 50 huku rauta iko chumba hichohicho, mwambie fundi aangalie antena kwanza. Zima laptopu na utoe chaji kabla hajafungua, na akae pale unapomwona.

Hatua ya 5: Rauta inafika, nje hakufikiki

Hapa ni bando, mnara, faiba au umeme. Bando liangalie kwanza kwa kupiga menyu ya mtandao wako, si kwa kukisia. Laptopu inakula kuliko simu: sasisho la Windows peke yake linaweza kuwa na gigabaiti kadhaa, na linapakuliwa bila kukuuliza. Nenda Settings, Network & internet, Wi-Fi, fungua sifa za mtandao uliounganishwa, uwashe "Metered connection". Kwa anayetumia MiFi au hotispoti hili si la hiari. Vifurushi vingine vinavyouzwa kama visivyo na kikomo hushushwa kasi ukifikisha kiasi fulani, kwa hiyo soma masharti yake.

Mnara ulioelemewa una saa zake. Acha ile ping ya 1.1.1.1 saa mbili usiku, kisha saa kumi na moja alfajiri. Alfajiri ikiwa 40ms bila kukatika na usiku ikawa 600ms yenye kukatika, watu wa mtaa wako wamerudi nyumbani na wote wako kwenye mnara mmoja. Hapo jaribu laini ya mtandao mwingine kwa kuiazima kwa ndugu au jirani kabla ya kununua rauta mpya, maana Mbagala na Mikocheni hawafanani, na hata Tabata, mtaa na mtaa haulingani.

Wanaotumia hotispoti ya simu yenye laini mbili waangalie hili: kwenye simu nyingi, ukipigiwa kwenye laini isiyo ya data, data ya laini nyingine inasimama mpaka ukate simu. Na ukipigiwa kwenye laini ileile ya data, kama simu au laini haina VoLTE (uwezo wa kupiga simu kupitia 4G), inashuka kutoka 4G kwenda 3G au 2G na laptopu inakwama. Kama una kikao cha mtandaoni, tumia simu ya pili isiyo na namba ambayo watu wanaipiga.

Kwa faiba, tazama taa za kile kiboksi cha ukutani. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki. Fuatilia ule waya mwembamba mpaka unapotoka nje: je, umebanwa na mguu wa kochi, umekunjwa kona kali, umetafunwa na panya? Uukunjue taratibu. Taa ikibaki nyekundu, piga simu kwa kampuni na uwaambie neno hilohilo, LOS nyekundu, watajua ni fundi wa waya anayehitajika.

Umeme ukikatika kwa sekunde chache, rauta inajizima na inachukua dakika kadhaa kurudi, wakati laptopu yenye betri haijui kitu. Wewe unaona tu Wi-Fi imekata. Kuna UPS ndogo za rauta, yaani betri za akiba, madukani Kariakoo, na kwa mtu anayefanya kazi nyumbani ni hela iliyotumika vizuri kuliko rauta ya bei. Soma volti kwenye chaja ya rauta kabla ya kununua, maana kuna za 12V, kuna za 9V, na MiFi ni 5V. Mwenye faiba yenye kiboksi na rauta tofauti ahakikishe vyote viwili vinapata umeme huo.

Na zipo siku ambazo kosa liko baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya Bahari ya Hindi, na nchi kadhaa za ukanda huu, Tanzania ikiwemo, zikakaa na intaneti ya kusuasua. Kama laini za kampuni mbili au tatu zinasumbua kwa pamoja, iache laptopu yako.

Hatua ya 6: Ping zote safi, kurasa hazifunguki

Angalia tarehe na saa ya laptopu. Laptopu kuukuu ambayo betri yake ndogo ya ndani imekwisha hurudi miaka ya nyuma kila ikizimika, na tovuti salama zinakataa kufunguka. Zima VPN kama unayo. Kisha badilisha DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba, iwe 1.1.1.1 na 8.8.8.8, uandike ipconfig /flushdns kwenye cmd. Kwa Wi-Fi za hotelini na migahawani zinazotaka ujisajili, ukurasa wao usipotokea, fungua neverssl.com na mara nyingi utajitokeza.

Ikishindikana, iko "Network reset" ndani ya Settings, Network & internet. Inafuta nywila zote za Wi-Fi na mipangilio ya VPN, kwa hiyo ziandike kwanza.

Kama kadi imekufa kweli

Kabla hujaibadilisha, nunua kifaa kidogo cha Wi-Fi cha kuchomeka USB. Uliza kama kina 5 GHz, kwa sababu vya bei ya chini kabisa huwa na 2.4 pekee, na muuzaji hatakwambia usipouliza. Jaribu hapohapo dukani: chomeka, washa hotispoti ya simu yako kwa 5 GHz, endesha ping -t kwenda kwenye simu, kisha mpe mwenzako simu asogee nayo hatua ishirini. Ukinunua laptopu iliyotumika fanya vivyo hivyo kabla ya kulipa, na uandike netsh wlan show drivers. Ukiona 802.11ac au 802.11ax kwenye mstari wa "Radio types supported", ina 5 GHz. Ukiona inaishia 802.11n pekee, huenda haina, basi punguza bei kwa kiasi cha kile kifaa cha USB.